Mrejesho: Nyoka mdogo mla samaki aliyekuwa akitetemeka

Ndugu zangu wafugaji, salamu kutoka Minnesota. Niliomba ushauri kuhusu nyoka wangu mdogo wa aina ya Thamnophis sirtalis (kwa Kiingereza "garter snake"), ambaye tangu nimpokee kwa mfugaji wake wa awali alikuwa akitetemeka, akipinda shingo na kulikosa windo lililo mbele ya pua yake. Wengi mlishuku chakula, na daktari wa mifugo amethibitisha hivyo.

Mfugaji yule alimlisha samaki wa dhahabu pekee. Samaki hao wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, ambacho huharibu vitamini B1, na upungufu wa vitamini hiyo huathiri mishipa ya fahamu hadi mnyama apate degedege. Kwa walioshauri nigandishe samaki, naomba tuelewane vizuri: friza haikivunji kimeng'enya hicho, kinachokivunja ni joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi kwa dakika 5 au zaidi.

Daktari alimchoma sindano ya vitamini B1, na sasa namlisha vipande vya samaki aina ya trauti, samaki wadogo aina ya gapi wakiwa wazima, na minyoo mikubwa ya udongoni, nikiepuka kabisa ile myekundu ya mboji kwa sababu ina sumu kwake. Jana jioni aliinua kichwa, akatoa ulimi mara kadhaa, kisha akakidaka kipande cha trauti kwenye kibano bila kuyumba. Nilifurahi mno. Mtetemo umebaki kidogo mkiani, na daktari atamwangalia tena mwezi ujao. Nawashukuru sana, hasa wale mlionihimiza nimpeleke upesi.