PL/pgSQL, PL/Python au PL/Lua ndani ya hifadhidata: tuchague kwa kigezo gani?

Mleta mada
Ndugu zangu, ninaandaa mfumo wa mikopo unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL, na ninataka hesabu za riba zifanywe na funksheni zilizomo ndani ya hifadhidata yenyewe, badala ya kusafirisha maelfu ya rekodi hadi kwenye programu. Kati ya PL/pgSQL (lugha ya PostgreSQL yenyewe), PL/Python na PL/Lua (Python na Lua zinazoendeshwa ndani ya hifadhidata), ninaelekea PL/Python kwa sababu timu nzima inaijua Python. Je, sababu hiyo inatosha?

FundiSeva
Haitoshi, ndugu. PostgreSQL huzigawa lugha hizi katika zinazoaminika na zisizoaminika, na PL/Python imo katika kundi la pili, kwa kuwa Python haina njia madhubuti ya kuuzuia msimbo usifungue mafaili ya seva. Ndiyo maana ni msimamizi mkuu pekee anayeweza kuunda funksheni zake. Lua imejengwa kwa namna nyingine: anayeipachika ndani ya programu yake ndiye anayechagua maktaba za kuipa, hivyo akiinyima `io` (ya mafaili), `os` (ya mfumo wa uendeshaji) na nyinginezo za aina hiyo, skripti haina mlango wa kutokea.

MtunzaData
Ninakubaliana nawe, lakini usalama ni nusu tu ya suala. Thamani zinapovuka kutoka SQL kwenda kwenye lugha nyingine na kurudi, hapo ndipo mimi niliumia. Katika Redis, hifadhidata nyingine iliyopachika Lua tangu toleo la 2.6, skripti ikirudisha 3.33 mteja hupokea 3, na orodha yenye `nil` (thamani tupu) katikati hukatwa papo hapo. Salio zangu zilipoteza senti bila ujumbe wowote wa kosa, hadi nilipoanza kuzirudisha kama matini. PL/Python, kwa haki yake, huigeuza `numeric` (aina ya SQL ya namba za desimali zilizo kamili) kuwa `Decimal` ya Python, na hilo ni jambo jema kwa fedha.

Mleta mada
Basi riba nitaiandika kwa PL/pgSQL, kwani inatumia aina zilezile za data za SQL na `numeric` haibadilishwi popote. Funksheni hiyo inasoma jedwali la viwango vya riba; je, niitangaze `IMMUTABLE`, yaani kwamba kwa ingizo lilelile jibu halibadiliki kamwe, ili iende kasi?

MtunzaData
Tafadhali usifanye hivyo. Ukiijengea faharasa, itaendelea kushikilia majibu ya viwango vya zamani hata baada ya jedwali kubadilika, na hakuna kitakachokuonya. Itangaze `STABLE`, yaani kwamba jibu halibadiliki ndani ya hoja moja tu.