Sungura wa rangi ya ajabu: nimrudishe kwa baba, kwa kaka yake, au dume wa nje?

KijanaWaUyole:
Wakuu, heshima kwenu. Nafuga sungura hapa Uyole, Mbeya, wengi wa nyama. Wawili wananiumiza kichwa. Wa kwanza ni jike wa rangi ya majivu yenye ubluu, hata macho yake ni ya kijivu. Baba na mama ni weusi tii, na wote aliozaliwa nao ni weusi. Wa pili ni mtoto wa sungura aina ya California (weupe wenye masikio na pua nyeusi) aliyezaliwa Juni hii, mgongo kama umepakwa masizi, wenzake weupe. Nataka kujua kama rangi hizi zinarithishwa kabla sijamwambia mtu kwamba nauza mbegu. Kwa huyo jike naona njia tatu: nimrudishe kwa baba yake (mama nilishamuuza), nimpandishe na kaka yake, au nitafute dume wa nje. Kuna mtu Igawilo ana dume aina ya New Zealand, mweupe, mkubwa kweli. Mnasemaje?

Mnyalukolo_Mafinga:
Kamwene mkuu. Kwa baba, usizunguke. Kama ni rangi inayojificha (haionekani mpaka itoke kwa wazazi wote wawili), mtoto aliichukua pande zote mbili, kwa hiyo baba naye anaibeba ndani ya ule weusi. Ukiwakutanisha, wastani ni nusu ya watoto kutoka bluu. Mimba ni siku 31 hivi, na wiki moja baada ya kuzaa manyoya yameshaota, jibu unalo. Kaka yake ni kamari. Ndugu mweusi wa uzao ule ana uwezekano wa theluthi mbili tu wa kuibeba. Wakizaliwa weusi watupu, hutajua kama tatizo liko kwa jike au kwa kaka.

BaridiYaMakete:
Mimi nizungumzie huyo California, maana huku kwetu Juni na Julai tunawaona sana. Kile kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa California kinafanya kazi penye ubaridi tu. Ndiyo maana weusi wake unakaa masikioni, puani, miguuni na mkiani. Mtoto akiponyoka kiotani usiku, au mama akinyofoa manyoya kidogo ya kutandika, ngozi inapoa na mgongo unashika masizi. Akipukutisha manyoya ya utoto, weupe unarudi. Huyo hana cha kupimwa, ongeza nyasi kavu kwenye sanduku la kuzalia. Kuna jamaa aliuziwa "California mgongo mweusi" kwa bei ya kutisha. Kufika Oktoba hela imekwenda na rangi imekwenda.

MamaSungura_Tukuyu:
Mwanangu wa Uyole, habari ya baba na binti mimi siipendi. Ukikutanisha damu moja, kila ubaya uliojificha nao unaibuka pamoja na hiyo rangi. Chukua huyo wa Igawilo. Utachelewa kizazi kimoja, lakini watoto watakuwa na mwili wa kuuzika.

DaktariKihesa:
Shikamoo mama. Kwenye afya uko sahihi, ila si kwa huyo mweupe. Weupe wa New Zealand ni shuka, hujui chini yake kumelala nini: kahawia, vidoa, chochote. Watatoka watoto wa rangi ambazo hamtajua zimetoka upande gani. Dume wa kupimia awe mweusi, asiye na undugu na jike.

Mnyalukolo, njia yako ni ya haraka lakini ina tundu. Nusu ya watoto wakiwa bluu umethibitisha kwamba rangi inarithishwa, hujathibitisha inarithishwaje. Kama jike amepata badiliko jipya la jeni inayotawala (inayoonekana hata ikitoka kwa mzazi mmoja), naye akienda kwa baba atatoa nusu vilevile! Dume mweusi wa nje ndiye anayetenganisha. Jeni ikitawala, bluu itaonekana uzao wa kwanza. Ikijificha, watatoka weusi watupu (isipokuwa dume naye awe anaibeba), na hapo watu wengi hukata tamaa na kuchinja wote. Msichinje. Hao weusi wote ni wabebaji. Mwana dume akirudi kwa mama yake, nusu watakuwa bluu. Mkiwakutanisha wao kwa wao ni robo.

Msihukumu kwa watoto wawili watatu pia. Panapotegemewa nusu, weusi 7 mfululizo kwa bahati mbaya ni mara 1 kati ya 128. Panapotegemewa robo, mpaka watoto 16 wote wawe weusi ndipo unakuwa na uhakika wa asilimia 99 kwamba si bahati mbaya.

Na kabla ya yote, mpulize manyoya mgongoni. Ukiona pete za rangi tofauti, huyo ni jamii ya kijivu cha porini au chinchilla. Rangi ikiwa moja mpaka kwenye ngozi, ni bluu, na kwa sungura bluu inafahamika kuwa ni ya kujificha.

NjiaPanda_Njombe:
Wafugaji wa wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi huko Marekani hawampi mnyama jina la rangi mpya mpaka azae na rangi itokee tena. Chatu zeruzeru wa kwanza wa aina hiyo kuzaliwa mikononi mwa mfugaji, kwa Bob Clark, alipatikana 1992. Jike wa chatu husubiriwa miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Wewe una sungura, unalalamika nini? (Msianze kusaka chatu porini, mtaongea na TAWA, mamlaka ya wanyamapori.) Wao wana rangi moja, spider, inayokuja na kichwa kuyumba. Kwetu tahadhari ni vidoa: ukipandisha vidoa kwa vidoa, robo hutoka karibu weupe, na hao ndio wenye matatizo ya utumbo.

KijanaWaUyole:
Nimempuliza, rangi moja mpaka chini. Naanza na baba, uzao mmoja tu, kisha dume mweusi wa nje.

MamaSungura_Tukuyu:
Basi hao wa baba wawe wa nyama. Mbegu uza wa dume wa nje.

Mnyalukolo_Mafinga:
Kwa hilo nakubaliana na mama. Dume mweusi ninaye, njoo Mafinga umwone. Ila usimpandishe jike kwa madume wawili siku hizohizo, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili na kipimo chote kimeharibika.