Kichupa cha dakika 8, tangazo katikati ya KIITIKIO!

Besi_Nzito (mwanzisha uzi)
Wadau, povu ruksa. Msanii simtaji, mnamjua, kaachia kichupa (video ya wimbo) jana usiku. TANGAZO KWENYE KIITIKIO! Ngoma yenyewe dakika 3 na ushee, kichupa dakika 8 na sekunde 4. Hizo 8 si bahati mbaya. Tangu Julai 2020 YouTube inaruhusu matangazo ya katikati kwenye video kuanzia dakika 8, zamani ilikuwa 10. Basi kajaza igizo: anashuka kwenye gari, anaongea na simu, anagombana na mlinzi wa geti, anapanda gari tena. Mtu anaoa, anazaa na kusomesha watoto, ngoma haijaanza!

Ikaanza sasa. Beti kali, wachezaji wamejipanga, prodyuza kakata besi nusu sekunde ili kiitikio kidondoke kwa kishindo... SABUNI YA UNGA! Mama anaanika mashuka! Kwenye ile nusu sekunde! Kiitikio ndicho wimbo, jamani. Huyu mtu hana huruma.

Mkwezi
Mkuu unalia kuliko aliyeachwa siku ya send-off. Lipia YouTube Premium isiyo na matangazo au kasikilize audio Boomplay, utuachie amani.

Besi_Nzito
Audio haichezi, Mkwezi. Kile kiitikio kimetengenezwa kitazamwe. Kamera inashuka, besi inakatika, halafu mashuka!

Fundi_Taa
Sababu ni hii. Ukiuachia mfumo wa YouTube upange matangazo wenyewe, unatafuta mahali picha na sauti zimetulia. Ule ukimya kabla ya besi unaonekana kama pumziko. Dawa ipo: mwenye chaneli anaingia YouTube Studio, anafungua video, sehemu ya mapato, anafuta alama ya tangazo iliyo kwenye kiitikio na kuweka nyingine pale igizo linapoisha. Hahitaji kupandisha video upya.

Besi_Nzito
Mmeona? Kubofya tu! Meneja ana simu tatu, zote za nini?

Bibi_Chupa
Afadhali hicho ni kichupa. Wengine siku hizi wanatupa picha moja ya kava, moshi unapita nyuma, maneno yanaruka, wanaita video. Wanakusanya watazamaji, na kichupa chenyewe hakiji mpaka wimbo uzeeke.

Kona_Nne
Mimi kero yangu ni kugeuza picha pana iwe wima kwa ajili ya TikTok. Ukikata picha ya pikseli 1920 kwa 1080 iwe wima, upana unabaki kama pikseli 607, yaani chini ya theluthi. Wachezaji sita wanabaki wawili na kiwiko. Anayetaka zote mbili aache nafasi wakati wa kupiga picha, achore alama za wima kwenye monita, mtu mkuu akae katikati. Siyo kuja kukatakata kwenye kompyuta.

Bando_Limekata
Nyie mnaongelea viwiko, MB je? Dakika 8 kwa ubora wa 1080p zinaweza kufyonza MB 150 na zaidi, na nusu yake ni mlinzi wa geti! Shusheni hadi 360p. Kwenye kioo kidogo cha simu tofauti si kubwa.

Fundi_Taa
360p ni kumtukana mpiga picha. Moshi na giza vyote vinageuka vigae.

Mkwezi
Na hata kumzomea huwezi. Idadi ya dole la chini ilifichwa YouTube tangu Novemba 2021.

Besi_Nzito
Turudi kwenye mada. Kiitikio!

Nganya_Mbele
Huku Nairobi shida ni zile miksi za madeejay kwenye skrini za matatu. Kichupa kinachezwa sekunde arobaini, jina la deejay limefunika uso wa msanii, na anapiga kelele juu ya kila mstari. Ukianza kuimba, amebadilisha.

Bibi_Chupa
Na mabasi ya mikoani je! Flashi moja, nyimbo zilezile kutoka Dar mpaka Mwanza, sauti spika ya kushoto tu.

Bando_Limekata
Hiyo ya spika ni waya umelegea nyuma ya redio. Kondakta ukimwambia anakununia mpaka Singida.