Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anajikuna usiku na mchana: aleji ya chakula au upele?

Uyole_Juu

Wakuu, habari za leo. Nina mtoto wa mbwa dume, miezi mitatu, kilo 4, mama yake chotara wa German Shepherd. Anajikuna hadi halali. Kingo za masikio zimenyonyoka manyoya na zina ukoko mkavu wa kijivu, viwiko vyekundu, tumboni kuna vipele vichache vyenye usaha. Nyayo halambi sana. Anakula ugali wa dona kwa usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), jioni maziwa ya ng'ombe. Banda ni la mbao, nimetandika maranda ya paini. Dawa ya minyoo keshapata.

Duka la pembejeo wameniambia nimchome ivamektini ya ng'ombe (sindano ya minyoo na wadudu). Jirani anasema ni aleji ya usipa, niuache. Nianzie wapi?

BwanaMifugo_Mafinga

Mkuu, kabla hujagusa chakula, tazama umri. Aleji ya vumbi na chavua kwa mbwa kwa kawaida hujitokeza kati ya miezi sita na miaka mitatu. Ya chakula inaweza kuwahi zaidi, ila mtoto wa miezi mitatu akiwashwa namna hiyo, wa kwanza kushukiwa ni wadudu: viroboto, chawa na utitiri wa upele. Na kwa sehemu ulizotaja, mimi nauita upele mpaka ithibitike vingine. Kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo ndiko utitiri huo unakopenda kukaa, kwa kuwa manyoya ni haba. Aleji hushika zaidi nyayo, kwapa, kinena, uso na ndani ya sikio. Viroboto humfanya ajing'ate mgongoni karibu na mkia.

Fanya vipimo viwili hapo nyumbani. Shika ncha ya sikio, ikunje, sugua ukingo kwa ukingo taratibu kwa sekunde tano hivi. Mguu wa nyuma wa upande huohuo ukianza kukuna hewani wenyewe, upele una nafasi kubwa. Kisha msimamishe juu ya karatasi nyeupe, mchane kwa kitana cha meno ya karibukaribu kutoka kiunoni hadi mkiani. Vichembe vyeusi vitakavyoanguka vidondoshee maji. Vikiyeyuka na kuacha rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu waliyonyonya. Vikibaki vilevile, ni udongo tu.

Angalia pia wanaombeba. Wakiwa na vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, achana na habari za usipa: upele wa mbwa hurukia watu, aleji haiambukizi.

Jambo moja linalowapoteza wengi: daktari akikwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini asione kitu, mbwa hajatoka kwenye orodha ya upele. Utitiri huu unachimba ndani ya ngozi na mara nyingi unakosekana kwenye mkwaruzo. Ndiyo maana madaktari hutibu kwanza, wakaangalia ngozi inaitikiaje.

Kihesa_Mbwa

Hiyo sindano ya ng'ombe ndiyo inayonitia hofu, kwa hiyo nitaikalia hapo.

Chupa ya ivamektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo cha chini ambacho daktari hutumia kwa upele wa mbwa ni miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa kilo 4 hiyo ni miligramu 0.8, sawa na mililita 0.08. Kwenye bomba la sindano la insulini la mililita 1 lenye alama 100, ni alama 8. Muuzaji aliyezoea ng'ombe akivuta mililita moja, mbwa wako amepata zaidi ya mara 12 ya kipimo. Dalili ni mboni za macho kupanuka, kuyumba kama mlevi, mate kutoka, kutetemeka, upofu, na mwisho kuzimia. Dawa ya kuifuta mwilini haipo. Anaokolewa kwa dripu na kutunzwa hadi iishe yenyewe.

Halafu kuna ukoo. Mbwa aina ya koli na jamaa zake wa kuchunga kondoo hurithi kasoro inayoacha dawa hii iingie kwenye ubongo, na baadhi ya German Shepherd wanayo pia. Wako ni chotara na humjui baba, kwa hiyo hata kipimo sahihi kina hatari kwake.

Njia salama zaidi ni kidonge cha kutafuna kama NexGard au Bravecto. Vyote vinaruhusiwa kuanzia wiki 8 na uzito wa kilo 2, ila mwambie daktari kama mbwa amewahi kupata degedege. Bei inauma, lakini kidonge hicho kinamaliza na viroboto na kupe kwa mpigo. Mpime siku ya kununua, maana vidonge vinauzwa kwa uzito na mtoto anaongezeka kila wiki. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, toa.

Usimpake oili chafu wala dizeli. Ataramba, na ngozi iliyochubuka inafyonza. Dawa ya josho yenye amitrazi nayo si ya mbwa wa umri huo: inamlegeza, inapunguza mapigo ya moyo na kumshusha joto, na kwa baridi ya Uyole hilo peke yake linatosha kumuua. Prednisoloni inatuliza kuwashwa kwa siku chache huku utitiri ukizaliana kwa raha.

Mama_Tukuyu

Nakubaliana nao. Naongezea kuhusu ngozi yenyewe na malazi.

Vile vipele vya usaha ni bakteria walioingia kwenye mikwaruzo. Mwogeshe mara moja kwa wiki kwa shampuu ya mbwa yenye klorheksidini (dawa ya kuua bakteria), iache na povu lake dakika 10 ukitazama saa, siyo kwa kukisia, ndipo usuuze. Watu huisuuza papo hapo kisha wanasema haifanyi kazi. Maji yawe vuguvugu, saa za mchana jua likiwa limewaka, umkaushe kwa taulo hadi mizizi ya manyoya. Sabuni ya kufulia inamaliza mafuta ya ngozi na kuzidisha kuwashwa. Usaha ukienea, aende kwa daktari apewe antibayotiki.

Maranda ya paini yatoe. Huku kwetu ni rahisi kuyapata, ila vumbi na utomvu wake huchoma ngozi laini ya tumbo, na ukiyaacha hutajua kilichomponya ni nini. Weka magunia safi au blanketi kuukuu linalofulika.

Chakula usikibadilishe sasa. Kwa mbwa, vinavyoleta aleji zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Usipa uko mbali kwenye foleni hiyo, maziwa yako mbele yake. Wadudu wakiisha na bado anawashwa baada ya wiki sita, hapo jaribu chakula: nyama ambayo hajawahi kula, mfano sungura, na viazi mviringo vya kuchemsha, wiki 8 bila kuonja kingine chochote, hata dawa za kutafuna zenye ladha ya nyama. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Dalili zikirudi ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Ila mtoto anayekua hawezi kukaa wiki 8 kwa nyama na viazi vitupu, mifupa italainika na miguu kupinda. Daktari akupangie kalsiamu (madini ya mifupa) kabla hujaanza.

Uyole_Juu

Asanteni sana. Kipimo cha sikio: mguu umekuna papo hapo, masikio yote mawili. Karatasi haikuwa na rangi ya kutu. Na mdogo wangu ana vipele kiunoni anapombebea. Nyumbani kuna mbwa mwingine mkubwa, hajikuni. Naye nimtibu?

BwanaMifugo_Mafinga

Mtibu, siku hiyohiyo. Anaweza kuwa ameshaambukizwa na hajaanza kuonyesha, kisha akamrudishia mdogo.

Malazi usiyasahau. Nje ya mwili utitiri huu kwenye joto la nyuzi 20 na kitu hufa ndani ya siku chache, lakini kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 wenye unyevu unaweza kufikisha wiki tatu. Usiku wa Mbeya ndio huo. Maranda yachome, blanketi lichemshe na kulianika juani, banda lisugue kwa maji ya moto. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima.

NexGard kwa upele hutolewa mara mbili, mwezi mmoja baada ya mwingine. Usishangae akiendelea kujikuna wiki mbili hadi nne za mwanzo, maana ngozi bado inapambana na mabaki ya utitiri uliokufa. Wengi huona hivyo wakabadilisha dawa bure. Kitu cha kufuatilia ni ukoko wa masikioni: ukianza kulegea na manyoya mafupi kuchomoza chini yake, dawa inafanya kazi.

Mdogo wako asimpakate kwanza. Utitiri wa mbwa hauzaliani kwa binadamu, vipele vyake vitakauka vyenyewe mbwa akishatibiwa. Vikizidi wiki tatu, aende zahanati aangaliwe kama ana upele wa watu.