Hanesi ipi ya kaiti inafaa kwa mtu anayeumwa kiuno?

Mwalimu wa Paje aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wanaovifahamu vifaa hivi. Ninafundisha kaiti, mchezo wa kuteleza majini kwa ubao huku ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, Zanzibar; urefu wangu ni sentimita 180 na uzito kilo 78, na tangu upepo wa kusi ulipokaza mwaka huu kiuno kinaniuma kila ninapotoka majini. Maumivu yako chini ya mgongo, pale unapopita mkanda wa suruali. Yanaenea pande zote mbili bila kushuka mguuni, na hutulia nikilala chali na kukunja magoti. Asubuhi huamka nimekakamaa, lakini nikitembea kidogo mwili unalegea.

Hanesi yangu, yaani mkanda mpana unaomuunganisha mchezaji na kaiti, ni ya kiunoni, ya kitambaa laini, niliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nikiivaa ufukweni inakaa vizuri, kulabu ya kushikia kaiti ikiwa chini kidogo ya kitovu, ila nikishaingia majini haichukui muda kabla haijapanda na kunibana mbavu. Kazi yangu hainipeleki mbali: muda mwingi ninasimama katika maji ya mapajani, kaiti ikiwa juu ya kichwa, huku ninamweleza mwanafunzi jambo, na hapo ndipo inapopanda zaidi.

Baadhi ya wenzangu wananihimiza ninunue yenye gamba gumu, mfano wa zile za kampuni za Mystic au Ride Engine. Wengine wanasema nirudi kwenye hanesi ya kukalia, yenye mikanda ya mapajani, ambayo sisi wenyewe tunawavisha wanafunzi wa siku ya kwanza. Ile ya gamba gumu ni ghali kwa kipato changu, na sipendi kutoa fedha nyingi kisha nikabaki na maumivu yaleyale. Nichague ipi, na kwa sababu gani?

Fundi Matanga alijibu:

Mwalimu, umeeleza vizuri kiasi kwamba sehemu ya jibu imo ndani ya swali lako. Hanesi inayopanda haiwezi kuponywa na bei ya hanesi nyingine, kwa hiyo tuanze na sababu ya kupanda.

Kaiti ikiwa juu ya kichwa inavuta kuelekea juu. Ikiwa imelazwa pembeni, karibu na nusu ya njia kati ya utosi na maji, inavuta zaidi kuelekea upande, na hapo hanesi hubanwa mgongoni badala ya kunyanyuliwa. Anayekimbia na ubao huwa katika hali hii ya pili kwa muda mrefu, ndiyo maana hanesi ya kiunoni humtosha. Mwanafunzi na mwalimu wake hukaa katika hali ya kwanza. Hanesi ya kiunoni haina kitu cha kuizuia isipande isipokuwa umbo la mwili na kubana kwa mikanda, na mwanamume mwenye nyonga nyembamba hana umbo la kuisaidia. Hanesi ya kukalia imefungwa mapajani, haina pa kwenda.

Sasa angalia kiuno chenyewe. Unapoegemea nyuma dhidi ya kaiti, miguu inasukuma ubao mbele, kifua na kichwa vinaning'inia nyuma, na hanesi inasukuma mgongo wako mbele katikati ya hivyo viwili. Mahali inaposukuma ndipo mgongo unapopindika. Ikisukuma kwenye mfupa wa nyonga na juu ya makalio, mzigo unabebwa na mifupa mipana iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Ikipanda, inasukuma pingili za kiuno zilizo wazi, ambazo hazina mbavu wala nyonga za kuzishikilia, na misuli inalazimika kufanya kazi ya kuzuia upinde huo saa nzima. Kwa maoni yangu, mahali inapokaa hanesi, juu au chini, pana uzito zaidi kuliko ugumu wa gamba lake.

Gamba gumu lina faida ya kweli, nisieleweke vibaya. Hanesi laini inapovutwa mbele hujikunja na kukubana ubavuni kama mshipi uliokazwa mno, na mzigo wote huangukia ukanda mwembamba wa mgongo. Gamba halijikunji, hivyo mzigo unatawanyika katika eneo lote linalogusana na mwili. Sharti lake ni kwamba mpindo wa gamba ufanane na mpindo wa mgongo wako. Ikiwa mgongo wako umeingia ndani sana na gamba limenyooka, litagusa juu na chini tu na kuacha uwazi katikati. Ikiwa mgongo umenyooka na gamba limejaa, litakuchoma katikati. Kitambaa hukusamehe kosa la namna hiyo, gamba gumu la kaboni halikusamehe.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni kipimo. Vaa hanesi uliyonayo, ikaze hadi mwisho, kisha utazame ncha zake mbili za mbele chini ya upau wenye kulabu. Zikigusana, hanesi ni kubwa kwako na hakuna mkanda utakaoikaza zaidi. Lazima ubaki uwazi unaofunikwa na upau. Upau wenyewe nao huuzwa kwa ukubwa tofauti, na upau mrefu kuliko inavyotakiwa huacha hanesi ikizunguka mwilini.

Mtaalamu wa Viungo, Mombasa, alijibu:

Ninafanya kazi ya fiziotherapia na ninawaona wachezaji wachache wa kaiti kutoka Diani, kwa hiyo nitaongeza upande wa mwili.

Maumivu yaliyo pande zote mbili, yasiyoshuka mguuni, yanayotulia ukikunja magoti na kulegea ukitembea, kwa kawaida hutokana na misuli na viungo vidogo vya mgongo vilivyochoshwa, na mengi ya namna hiyo hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea bila kujilazimisha. Hata hivyo jibu la jukwaani si uchunguzi. Maumivu yakianza kushuka chini ya goti, ukihisi ganzi au mguu kukosa nguvu, umwone daktari mapema. Na ukipata ganzi kwenye msamba, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, nenda hospitali saa ileile, usisubiri kesho.

Kuhusu hanesi, ninakubaliana na Fundi kwamba mahali inaposukuma ndipo penye shauri. Ningependa tu mwalimu asidhani kwamba hanesi inafanya kazi peke yake. Misuli ya mbele ya nyonga, inayounganisha paja na pingili za kiuno, ikiwa imefupika kwa kukaa sana kwenye pikipiki au kiti, huuvuta mgongo uingie ndani hata kabla upepo haujavuma. Mtu huyo akivaa hanesi bora duniani ataingia majini mgongo wake ukiwa tayari umepinda. Piga goti moja chini, kaza kalio la upande huo, sogeza nyonga mbele taratibu hadi uhisi mvuto mbele ya paja, kaa hapo kwa nusu dakika, kisha ubadili. Ongeza zoezi la kulala chali na kuinua nyonga kwa nguvu ya makalio, na lile la kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka.

Ukiwa kwenye ubao, kunja magoti, shusha mbavu, na uingize mkia wa mgongo chini kidogo, kama mtu anayetaka kukaa. Anayeegemea nyuma huku amenyoosha magoti na kutoa tumbo mbele anaubebesha mgongo mzigo ambao mapaja yangeubeba bila shida.

Nina swali pia: ni nani anayejaza upepo kaiti za shule yenu? Nimewahi kumtibu mtu aliyelaumu hanesi kwa msimu mzima, kumbe alikuwa akijaza kaiti moja baada ya nyingine kwa pampu ya mkono, mgongo umeinama na magoti yamenyooka.

Dada wa Watamu alijibu:

Nitatofautiana kidogo na waliotangulia, hasa kuhusu hanesi ya kukalia. Niliitumia kwa muda mrefu kwa sababu mgongo wangu una historia, na ni kweli kwamba haikupanda hata mara moja. Lakini ina gharama zake. Mikanda ya mapajani huchubua ngozi, na maji ya chumvi na mchanga huifanya michubuko iwe mibaya zaidi, kwa hiyo utahitaji kaptura ndefu inayobana. Tena kwa sababu kulabu iko chini, mwili hupenda kujikunja kwenye nyonga, kifua kinakwenda mbele, na anayetaka kusimama wima kwenye mawimbi au kuruka hujiona anaburutwa akiwa ameketi. Mimi sikuumwa kiuno. Nilianza kuumwa mabega kwa kujaribu kujinyoosha.

Baadaye nilihamia ya kiunoni yenye gamba la wastani, lisilo gumu kabisa, na kiuno kimetulia. Nakiri kwamba umbo la mwanamke husaidia, kwa kuwa nyonga pana huizuia hanesi, ingawa kwa upande mwingine hanesi zilizokatwa kwa umbo la wanaume hutuacha na uwazi mgongoni. Anayenunua na aingize kiganja kati ya mgongo na hanesi iliyokazwa: kikiingia kwa urahisi katikati, aiache dukani.

Ninashangaa pia kwamba hakuna aliyegusa ukubwa wa kaiti. Mtu wa kilo 78 anayebaki na kaiti ya mita za mraba 12 katika upepo wa kilomita 40 kwa saa, kwa sababu tu hataki kurudi ufukweni kubadilisha, anavutwa kupita kiasi, na hakuna hanesi itakayomficha. Walimu ninaowajua ndio wenye tabia hiyo zaidi.

Mwalimu wa Paje:

Nawashukuru sana. Nimeikaza hanesi yangu kama Fundi alivyoeleza, na ncha zake zinagusana kabisa. Kuhusu pampu, Mtaalamu, kaiti za wanafunzi tunajaza sisi walimu, na kweli hujaza kwa kuinama. Sasa nina maswali mawili. Je, ninaweza kuwa na ya kukalia kwa kazi na ya kiunoni kwa mchezo wangu mwenyewe? Na je, ule upau wenye kamba badala ya kulabu isiyosogea, ambao wageni wa mawimbi wanausifu, utanisaidia?

Fundi Matanga:

La kwanza, ndiyo, na ndivyo ningefanya mimi. Hanesi ya kukalia ni nafuu kwa bei, shule yako huenda ina ya ziada, na ukiwa umesimama majini na mwanafunzi hakuna anayekutazama unavyoruka. Dada ana haki katika yote aliyosema juu yake, ila yeye anaeleza mawimbi, nawe unaeleza kazi ya kusimama.

Upau wa kamba unaruhusu mahali pa kuvutwa pahame kutoka nyonga moja hadi nyingine, hivyo mwili unageukia uelekeo wa safari bila kusokotwa kiunoni. Anayeumwa upande mmoja tu, tena zaidi akienda uelekeo mmoja, anaweza kuona nafuu kubwa. Wewe unaumwa pande zote mbili. Isitoshe, mwalimu hupokea na kukabidhi kaiti mara kwa mara, na kulabu ya kawaida ni ya haraka kuliko kuhangaika na pete inayoteleza kwenye kamba hiyo. Ukiutumia, ikague kamba yake mara kwa mara, kwa sababu hulika.

Kwa ile ya kiunoni, usinunue kwa picha wala kwa herufi ya ukubwa, maana M ya kampuni moja si M ya nyingine. Pima mzunguko wa mwili kwenye usawa wa kitovu, ulinganishe na jedwali la kampuni husika, na ukiangukia kati ya saizi mbili chukua ndogo, kwa kuwa povu la ndani hulainika na mikanda hulegea ikilowa. Kisha omba kuijaribu kwa kuning'inia: funga kamba kwenye boriti imara ya banda, juu ya kichwa na mbele yako kidogo, tia kulabu, kunja magoti, uegemee nyuma kwa robo saa. Inayokuchoma ukiwa umening'inia bandani itakuchoma zaidi majini. Ukiivaa, ikaze ukiwa umeinama kidogo na magoti yamekunjwa, mkanda wa chini kwanza, halafu ikaze tena baada ya kulowa.

Za mitumba zipo kila mwisho wa msimu, wageni wanapopunguza mizigo. Vuta mishono inayoshikilia upau, tazama kutu kwenye kulabu na bizimu, kisha likunje gamba kwa mikono miwili: likitoa mlio wa kupasuka, rudisha.