Mpira gani wa gofu unamfaa anayeanza? Nipo Malindi, kusi linanimaliza

Kijana wa Shela

Salaam aleikum jamani, naomba msaada kwa wapiga gofu. Mie nafanya kazi hotelini hapa Malindi, mwaka jana mgeni mmoja akirudi kwao akaniachia begi zima la fimbo, nikaanza kwenda kiwanjani siku zangu za ofu na sasa nimenogewa kabisa. Napiga mapigo 110, 115 kwa mashimo 18, na draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, inanikata kulia karibu kila mara, hasa wakati huu kusi linavuma. Sasa mwezi uliopita niliingia duka moja Mombasa muuzaji akanambia ukitaka kupanda haraka nunua mipira wanayotumia maprofeshono, nikatoa zaidi ya elfu saba kwa dazeni. Wallahi raundi ya kwanza nimepoteza saba. Huo wa saba niliutafuta vichakani na tochi ya simu, magharibi imeingia, sikuuona. Iliniuma sana maana ile ni hela ya matumizi ya nyumbani. Je kuna mpira wa kiwango changu au yote ni sawa tu?

Mzee Kedi

Waaleikum salaam mwanangu, pole. Nimebeba mabegi ya watu miaka mingi, tangu mipira ile ya zamani iliyozungushiwa nyuzi za mpira ndani, tulikuwa tukiokota iliyopasuka tunaikata kwa kisu uzi unafumuka wenyewe mkononi kama umepata uhai. Ile iliisha nguvu baada ya kampuni ya Titleist kutoa mpira wa Pro V1 mwaka 2000, ndipo karibu wote wakahamia kwenye kiini kigumu.

Sasa sikiliza. Siku hizi kuna makundi mawili makubwa. Wa vipande viwili, yaani kiini cha mpira na gamba gumu la ionoma, aina ya plastiki, huo ni wa bei nafuu, hauchubuki ovyo na hauzunguki sana. Halafu kuna wa vipande vitatu au zaidi wenye gamba la yurethani, laini, ndio uliouziwa wewe. Uzito ni ule ule, sheria inasema usizidi gramu 45.93, na upana usipungue milimita 42.67, na hata kasi ya kutoka kwenye fimbo imewekewa kikomo. Kwa hiyo hiyo elfu saba hukununua umbali. Ulinunua breki, mpira unaotua grini, pale penye nyasi fupi na shimo, ukasimama ukipigwa na weji, fimbo ya mapigo mafupi ya kuinua. Na breki hiyo inamfaa mtu anayefika karibu na grini akiwa na mpira wake bado! Wewe chukua wa vipande viwili, mwaka mzima.

Bi Mambrui

Namuunga mkono mzee ila niongeze la upepo. Kinachokata kulia ni uso wa fimbo kuwa wazi, yaani umegeukia kulia, unapogonga, mpira hauwezi kukutibu hilo, lakini mpira unaozunguka zaidi unalikuza kosa, na ukipiga dhidi ya kusi unapaa juu kama tiara halafu unadondoka pale pale. Kwa draiva tofauti ya mipira ni ndogo, msidanganyane, kwa weji ndio kubwa.

Na lingine, wanawake tunaambiwa tununue ile ya pinki iliyoandikwa ya kike eti ni lazima. Hakuna sheria hiyo. Mingi ni mipira laini tu. Mie napiga polepole na napenda laini kwa sababu naisikia vizuri kwenye pata, ile fimbo ya kusukumia shimoni, mkono hauumii, basi, sio kwamba inanipeleka mbali kimiujiza.

Swaleh wa Lamu

Mimi niko Lamu napiga nikishuka Vipingo kwa kazi. Nakataa kidogo: mbona hamjamwambia habari ya ile ya kuokota? Vijana wanauza rahisi na mingine ni mizuri tu.

Mzee Kedi

Swaleh ni kweli, ila aikague. Auzungushe polepole chini ya jua akitafuta mkato au sehemu iliyokwaruzwa, maana vile vishimo vidogo ndivyo vinavyoushika mpira hewani, vikiharibika upande mmoja unayumba. Uliopakwa rangi upya auache, rangi inajaza vishimo. Na uliolala majini muda mrefu unapoteza nguvu ingawa kwa macho unang'aa.

Kikubwa zaidi kijana, usichanganye. Leo huu kesho ule, hutajua kama kosa ni mkono au mpira. Chukua aina mbili, mitatu mitatu, nenda jioni simama hatua 30 kutoka grini, piga yote na weji ile ile, kisha tazama ilikosimama. Anzia hapo ndio urudi kwenye draiva. Na tia alama yako kwa kalamu, sheria ya kutafuta mpira uliopotea ni dakika tatu tu tangu 2019.

Kijana wa Shela

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Ile mitano iliyobaki nimeifunga kwenye soksi sitaigusa mpaka nishuke chini ya 95. Kesho natoka kazini saa tisa, nanunua ya vipande viwili nifanye hilo jaribio la hatua 30. Bi Mambrui kama utakuwepo njoo uniangalie huo uso wa fimbo tafadhali, mie mwenyewe siuoni.

Bi Mambrui

Nitakuwepo saa kumi na nusu. Njoo na mitatu kati ya hiyo ya kwenye soksi pia, bila hiyo utalinganisha na nini?