Je, Msiri aingizwe katika tamthilia ya upelelezi?

Ndugu wasomaji wa Lubumbashi, naleta mjadala huu kwa sababu wapo wenzetu wanaotaka Katanga nayo iwe na tamthilia yake ya upelelezi wa zamani, mfano wa ile ya Kanada iitwayo Murdoch Mysteries, ambayo wanaoitazama kwa Kifaransa huiita Les Enquêtes de Murdoch. Wangependa kumwingiza humo Msiri, aliyekuwa mfalme wa Wayeke hapa Katanga, na wanadai kwamba vijana wataijua historia huku wakiburudika.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa mwaka 2008, na kesi zake zinaanzia Toronto ya 1895. Mpelelezi Murdoch ni wa kubuni, lakini hukutana na watu waliokuwapo kweli, kama mwandishi Arthur Conan Doyle na mwanamazingaombwe Harry Houdini. Katika sehemu ya kwanza, mwanamke anauawa kwa umeme mbele ya hadhara iliyokuja kuonyeshwa hatari za mkondo geu, yaani umeme unaobadilisha mwelekeo kila mara, na mvumbuzi Nikola Tesla mwenyewe anamsaidia Murdoch. Kifo hicho kimetungwa, ila ugomvi wa kambi ya mvumbuzi Edison na ya Tesla juu ya umeme ulikuwapo. Sioni ubaya wowote hapo, kwani maisha ya Tesla yameandikwa mno, na mtazamaji mwenye shaka hakosi pa kuhakikisha.

Msiri je? Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kapteni Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa papo hapo na mtu wa Msiri. Msafara huo uliotumwa kwa manufaa ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji uliongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada hiyohiyo, ambaye alifariki kwa malaria mwaka uliofuata. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo watu wanabishana kilikopelekwa. Mtunzi yeyote akisikia habari ya kichwa kilichopotea atamezea mate.

Hapo ndipo ninapopinga. Hadithi ya upelelezi haiendi bila mkosaji aliyejificha, na katika kifo hiki hakuna aliyejificha: aliyefyatua anajulikana, na aliyefaidika anajulikana. Ili fumbo lipatikane, mtunzi atalazimika kumtwika hatia mtu mwingine, labda mke wa Msiri, labda mpwa wake, au mfanyabiashara wa misafara, ilhali Bunkeya bado ina mwami, yaani chifu, na ukoo unaosikia.

Simaanishi kwamba wafu wetu wote wasiguswe. Mhubiri Simon Kimbangu, aliyefungwa tangu 1921 na kufariki hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, tarehe 12 Oktoba 1951, naona anaweza kuonekana akivuka ua wa gereza, mradi asitungiwe neno hata moja la kusema.

Basi wanaounga mkono watujibu: katika sehemu ya mwisho, mpelelezi wenu wa kubuni atamfunga pingu nani, iwapo Bodson alikwisha kufa siku ileile?